Kwa Nini Printa Hufupisha Mstari wa Sentimeta 10?

Miaka michache iliyopita niliwaandalia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi la vipimo. Nilichora kwa kompyuta ya nyumbani miali ya mwanga ipitayo katika lenzi, nikahakikisha kuwa umbali kutoka katikati ya lenzi hadi kwenye fokasi ni sentimeta 10 kamili, kisha nikauchapa mchoro na kuugawa. Karibu wote waliandika 9.4. Nilikuwa nimekwisha kuwakosoa kumi na wawili, ndipo mmoja wao alipokuja mezani kwangu na rula, akailaza juu ya mchoro bila kusema neno. Wanafunzi walipima sawasawa. Aliyekosea ni mimi, kwa kuwa sikuitazama mipangilio ya printa.

Kila printa huanza kazi na mipangilio ya awali, yaani maamuzi yaliyokwisha kufanywa kwa niaba ya mtumiaji: ukubwa wa karatasi, rangi, kuchapa upande mmoja au pande zote mbili, na kiwango cha kuukuza au kuupunguza ukurasa. Mengi ya maamuzi hayo huudhi tu, au humaliza wino bure. Lile la ukubwa wa karatasi huharibu vipimo, nalo ndilo litakalotushughulisha hapa.

Karatasi tunayouziwa madukani kwetu ni A4, yenye upana wa milimeta 210 na urefu wa milimeta 297. Marekani na Kanada hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye milimeta 215.9 kwa 279.4. Programu nyingi huchagua karatasi kwa kufuata nchi iliyoandikwa katika kompyuta, na kompyuta nyingi hufika mikononi mwetu zikiwa zimeandikwa Marekani. Ukurasa wa A4 ukipelekwa kwa printa iliyoambiwa kuwa imebeba Letter, urefu huzidi kwa milimeta 17.6. Hapo programu huupunguza ukurasa mzima ili utoshe, mara nyingi bila kumwarifu mtu. Gawanya 279.4 kwa 297, utapata 0.94. Sentimeta 10 zimekuwa 9.4, mraba wenye eneo la sentimeta za mraba 100 umebaki na takriban 88, na ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo wanafunzi wa jiografia wanaifahamu vema, imekuwa karibu 1:53,000, ilhali maandishi yaliyo chini yake yangali yakisema 1:50,000.

Yafaa kusimama kidogo tuitazame A4 yenyewe, kwani vipimo vyake si vya kubahatisha. Tuseme upana wa karatasi ni 1 na urefu ni x. Tukiikunja katikati, nusu yake ina upana wa x/2 na urefu wa 1. Tukitaka nusu hiyo ifanane kwa umbo na karatasi nzima, lazima x iwe sawa na 2/x, yaani x ni kipeuo cha pili cha 2. Mwanasayansi wa Kijerumani Georg Christoph Lichtenberg aliueleza uwiano huu katika barua ya mwaka 1786. Ujerumani ikaufanya kanuni mwaka 1922, na kanuni ya kimataifa ISO 216 ikafuata mwaka 1975. A0 ina eneo la meta mraba 1, na A4 ni sehemu ya kumi na sita yake. Kwa hiyo karatasi ya gramu 80 kwa meta mraba ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Mwalimu mwenye mizani aweza kulithibitisha hilo darasani. Letter ikikunjwa hubadili umbo.

Turudi kwenye printa. Mtu akibadili karatasi katika dirisha la kuchapa ndani ya programu, kwa kawaida badiliko hilo huhusu kazi ile tu. Kesho Letter imerudi, naye huilaumu kompyuta kwa ukaidi. Hana budi kwenda kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe, sehemu ya printa. Katika Windows kuna mahali pawili: mapendekezo ya kuchapa, yanayomhusu mtumiaji mmoja, na mipangilio ya awali ya watumiaji wote, iliyo ndani kidogo katika sifa za printa. Pale pale azime ile swichi iliyoletwa mwishoni mwa mwaka 2015, ambayo huifanya printa iliyotumika mwisho kuwa printa ya kudumu. Hiyo ndiyo inayoipeleka barua ya nyumbani kwenye printa ya ofisini. Kisha aangalie waraka wenyewe, kwa kuwa nao hubeba ukubwa wake wa karatasi, na trei ya printa, ambayo katika mashine nyingi huambiwa imebeba nini.

Baada ya hayo yote, kiwango cha ukubwa kiwekwe asilimia 100, na chaguo la kuutosheza ukurasa liondolewe. Ukingo mwembamba utapotea ikiwa mchoro unafika mwisho wa karatasi, maana printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni.

Siku hizi kila karatasi yangu ya vipimo ina mstari chini kabisa, umeandikwa sentimeta 10, na mwanafunzi huupima huo kwanza kabla hajagusa swali lolote.