Mashini ya unga iliyokufa si uwanja wa michezo

Vita vya 1996 vilipowavusha wazazi wetu Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, nyumba na mashini nyingi zilibaki bila mwenyewe. Leo watoto wetu wa Swima wanapenda kuingia katika mashini ya unga iliyokufa, wakitafuta misumari na vyuma vya kuuza. Tuwakataze. Bati bovu huanguka, chuma kikali hukata mguu na pepopunda huingia kwa kidonda. Tena mahali walipopita askari panaweza kubaki grenadi. Mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse wala asikitupie jiwe. Arudi kwa njia ileile, aite mkubwa. Nasi katika vikundi vyetu tuongee na mwenye kiwanja: mlango ufungwe, ao mashini itengenezwe, isage tena mihogo yetu.