Arobaini ya Mpiga Besi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, chama chetu hufungua mikutano yake kwa zoezi la kuandika. Mwaka huu wa 2015 Mwalimu alitutaka kila mmoja aandike tanzia ya mtu aliyefariki mwaka huu, maneno mia mbili, bila kufungua kamusi. Sababu aliyoitoa ilituchoma kidogo. Alisema wengi wetu tunakijua Kiswahili cha harusi na cha jikoni, lakini simu ya msiba ikiingia kutoka nyumbani, tunamkabidhi mama simu na kukimbilia chumbani. Hakuna aliyebisha.

Wengi wetu tuliandika juu ya mabibi na mababu. Mwenzetu mmoja, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Mombasa, alisimama akasoma habari za Chris Squire, mpiga gitaa la besi wa bendi ya roki iitwayo Yes, aliyefariki Juni. Tulicheka. Mzungu wa roki, tena katika chama cha Kiswahili! Alitungoja tumalize kucheka, kisha akasema tanzia ile ni ya babake hasa, na kwamba yeye ameiandika akiwa amechelewa. Hapo tukanyamaza. Tuliporudi bwenini tukaanza kuuliza: alikuwa nani mtu huyu, na kwa nini mzee wa Kimvita amlilie?

Kijana wa kwaya

Chris Squire alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 huko Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London. Alianza muziki kanisani, akiwa mwimbaji mdogo katika kwaya ya St Andrew's. Alipokuwa kijana, shule yake ilimsimamisha masomo kwa sababu ya nywele ndefu, naye hakurudi tena. Akapata kazi katika duka la vyombo vya muziki katikati ya jiji, na akiwa hapo, mwaka 1965, akanunua gitaa la besi aina ya Rickenbacker kwa bei ya punguzo wanayopewa wafanyakazi. Gitaa hilo lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo ya aina yake kufika Uingereza. Alilipiga karibu maisha yake yote.

Mwaka 1968 yeye na mwimbaji Jon Anderson waliunda Yes. Muziki wao huitwa roki ya progresivu: nyimbo ndefu zinazobadili mapigo njiani, zenye sehemu nyingi kama utenzi ulio na milango. Wimbo uliobeba jina la albamu yao ya 1972, Close to the Edge, una dakika zaidi ya kumi na nane. Wanamuziki waliingia na kutoka katika bendi hiyo kama abiria wa matatu, Anderson mwenyewe akiwemo. Squire peke yake ndiye aliyepiga katika kila albamu ya studio ya Yes, tangu ya kwanza mwaka 1969 hadi Heaven & Earth ya mwaka 2014.

Kwa asiyejua besi, pengine hapa ndipo pa kueleza. Katika bendi nyingi mpiga besi hukaa nyuma, akashika mapigo pamoja na ngoma, na msikilizaji hamtambui mpaka akose. Baba wa mwenzetu alitueleza hivi: besi ni kama boriti za nyumba. Mgeni akiingia hutazama mlango, hutazama mazulia, boriti hazitazami, ingawa ndizo zilizobeba dari juu ya kichwa chake. Squire alizichonga boriti nakshi. Alipiga kwa kipande cha plastiki badala ya vidole, ili kila noti isikike na ncha yake. Aliigawa sauti ya gitaa lake njia mbili: nzito ipite kwenye spika yake, na ile nyembamba ipite kwenye nyingine na kukwaruzwa. Kwa hiyo besi yake ilibeba nyumba na papo hapo ikabishana na mwimbaji. Katika albamu ya Fragile ya mwaka 1971 kila mwanamuziki alipewa nafasi ya kutengeneza kipande chake. Cha Squire, kiitwacho The Fish, amekijenga kwa besi juu ya besi, moja ikiitikia nyingine. Samaki lilikuwa jina lake la utani, kwa vile alikuwa na mazoea ya kukaa bafuni muda mrefu hata wenzake wakachoka kumgonga mlango.

Siku ya futari

Baba wa mwenzetu alikuja Uingereza mwaka 1973 kusomea uhandisi. Alikodi chumba katika nyumba ya wanafunzi, na jirani yake wa ukutani alikuwa akipiga Fragile kila jioni. Wiki ya kwanza aligonga ukuta kulalamika. Wiki ya tatu aligonga mlango, akaomba aingie asikilize. Alikuwa amezoea besi ya taarab, ile fidla kubwa inayosimamishwa nyuma ya vinanda kwenye harusi, na hakuwahi kuisikia besi ikitembea mbele namna ile. Akanunua sahani hiyo, kisha nyingine. Mkewe alipokuja baadaye alizikuta, na mpaka leo huwaambia wageni kwamba wenzake walipata vyeti Ulaya, mumewe alipata vyeti na kelele.

Mwezi Mei mwaka huu bendi ilitangaza kwamba Squire anaugua saratani ya damu, na kwa mara ya kwanza tangu iundwe, Yes itafanya ziara bila yeye. Mzee aliisoma habari hiyo akaikunja moyoni. Squire alifariki tarehe 27 Juni huko Phoenix, Arizona, akiwa na umri wa miaka 67. Habari zilienea siku iliyofuata, Jumapili, Ramadhani ikiwa imeingia kumi la pili.

Mwenzetu anaikumbuka futari ya siku ile. Kufuturu kulikuwa saa tatu usiku na kitu, kama ilivyo London wakati wa kiangazi. Baba alifungua kwa tende na maji, akanywa uji, viazi karai hakuvigusa. Mama akamuuliza kama anaumwa. Akajibu, "Yule mpiga besi amefariki." Mwenzetu, mdomo umejaa sambusa, akauliza, "Kwani ulimjua, Baba?" Baba akasema hapana. Mama akasema Mungu atustiri sote, akamsogezea sahani. Mazungumzo yakaenda kwingine.

Hakuna aliyempa pole.

Muziki naye hakuupiga. Ana desturi ya kufunga sahani zake kabatini tangu mwezi uandamapo hadi Idi, na hakutaka kuivunja kwa ajili ya mtu, awe nani. Basi akakaa na msiba usio na watu wala sauti. Kwao Mombasa alikokulia, jirani akifiwa na binamu wa mbali, baraza hujaa, majamvi yakatandikwa, na asiyemjua marehemu huja kwa kuwa anamjua mfiwa. Hapa alikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu watu wengi nchi nyingi wanalia kama yeye. Lakini mezani kwake alikuwa peke yake.

Nani mfiwa?

Tulibishana sana chamani juu ya hili. Mmoja wetu alishikilia kwamba wafiwa ni mke na watoto wa marehemu, na wenzake wa bendi. Shabiki anamjua mtu upande mmoja tu; marehemu hakujua kama kuna mzee wa Kimvita duniani. Kumwita mfiwa ni kuwadhulumu wenye msiba wao. Mwingine akasema mtu ambaye amekuwa nyumbani kwako miaka arobaini, hata kama ni kwa sauti tu, si mgeni.

Mwalimu hakutuamulia. Alituandikia ubaoni vitenzi vitatu: kufa, kufia, kufiwa. Akatuuliza tuvitazame vizuri. Lugha hii, alisema, haimwachi mtu afe peke yake. Anafia mahali, anafia watu, na wale waliofikiwa na kifo chake ndio waliofiwa. Katika kitenzi hicho hakuna sharti la damu. Sharti la damu lipo kwenye mirathi. Kisha akatufundisha neno ambalo wengi wetu hatukuwa nalo, makiwa, salamu ya kumpa mfiwa, ambalo lina undugu na ukiwa. Ukimwambia mtu makiwa, humwambii asilie. Unamwambia umeuona upweke wake.

Mwenzetu aliandika neno hilo pembeni ya tanzia yake, akalipigia mstari mara mbili.

Safari ya Kingsbury

Jumamosi moja mwezi wa Oktoba wanne kati yetu tulipanda treni kwenda London, tukachukua laini ya Jubilee mpaka Kingsbury. Tulitaka kuliona kanisa. Ni jengo zuri kuliko tulivyotarajia, na lina kisa chake: lilijengwa kwanza katikati ya jiji katika karne ya kumi na tisa, kisha katika miaka ya 1930 likabomolewa jiwe kwa jiwe na kusimamishwa upya pale lilipo. Mwenzetu alisimama mbele yake akaduwaa. Kwao si mbali. Babake amepita nje ya ukuta ule kwa zaidi ya miaka ishirini akienda sokoni, bila kujua kwamba ndani yake ndimo alimojifunza kuimba mtu aliyekuwa akimsikiliza nyumbani.

Tulijifunza jambo jingine juu ya kanisa hilo. Aliyekuwa akiongoza kwaya Squire alipokuwa mtoto ni Barry Rose, ambaye baadaye alipiga kinanda katika kanisa kuu la St Paul's. Squire alipotoa albamu yake mwenyewe mwaka 1975, Fish Out of Water, alimwendea mwalimu wake huyo wa zamani, na kinanda kikubwa cha St Paul's kikaingia kwenye albamu ya roki. Aliyepanga ala za okestra katika albamu hiyo, Andrew Jackman, naye alikuwa mwenzake wa kwaya ile ile. Kijana aliyekataa kurudi shule hakumsahau mwalimu wa kwaya. Sisi tunaopigiwa simu na walimu wetu wa madrasa tusizipokee tulilisikia hilo vizuri.

Siku ya arobaini na moja

Yes ilipanda jukwaani bila Squire kwa mara ya kwanza tarehe 7 Agosti, huko Mohegan Sun katika jimbo la Connecticut, Marekani. Besi ilipigwa na Billy Sherwood, aliyefanya kazi na Squire miaka mingi. Katika ziara hiyo, kabla ya wanamuziki kuanza, ulipigwa kutoka kwenye rekodi wimbo wa Onward aliouandika Squire, picha zake zikaonyeshwa, na gitaa lake likasimama jukwaani chini ya taa bila mtu wa kulishika. Kulikuwa na mashabiki walioona bendi ingezikwa naye, na wengine waliona kuendelea ndiyo heshima.

Tulihesabu siku. Kutoka tarehe 27 Juni hadi 6 Agosti ni siku arobaini. Bendi ilirudi kesho yake. Hatudhani kuna aliyelipanga hivyo. Ratiba ya ziara haina habari na arobaini ya pwani. Lakini mzee alikuwa amehesabu pia. Hakusoma hitma, maana hilo lina wenyewe, na alituambia wazi kwamba dua ya marehemu anawaachia watu wa imani yake. Yeye alikuwa akimlilia fundi. Alhamisi ile, tarehe 6, baada ya Isha, alifungua kabati akaitoa Fragile.

Mwenzetu alikuwa akipanda ngazi kwenda kulala. Alisikia besi ikipita chini ya mlango. Alisimama kidogo, hakujua aseme nini wala kwa lugha gani, akaendelea kupanda. Kuchelewa alikokutaja siku ile chamani kulianzia kwenye ngazi zile.

Kutoka kanisani tulikwenda kwao. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo tulibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai kama waendao matangani. Mzee alitushangaa mlangoni. Tukamwamkia, tukakaa, na binti yake akasema, "Baba, makiwa." Kisha akasoma tanzia yake, maneno mia mbili, sauti ikimkatika mara moja.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akaomba karatasi, akavaa miwani, akamrekebisha mahali pamoja tu: "Umeandika alipiga gitaa. Andika alipiga besi." Kisha akasema, "Nishapoa, mwanangu. Nishapoa." Tukamweleza habari za kanisa. Alinyamaza muda mrefu, akatikisa kichwa, akaondoka kwenda kabatini. Mama alileta chai. Alipoisikia sindano ikishuka kwenye sahani alisema, "Haya, kelele zimeanza," lakini safari hii alivuta kiti akaketi.

Tanzia yenyewe imebandikwa kwenye ubao wa chama, na marekebisho ya mzee kwa kalamu nyekundu. Zoezi la mkutano ujao amekwisha litangaza Mwalimu. Tutapigiana simu za msiba, wawili wawili, mmoja mfiwa na mmoja mpiga simu. Hakuna kumpa mama.