Ramli Inayomfaa Kila Mtu

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilimtembelea jirani yangu mmoja hapa Nangara, mjini Babati. Nilimkuta hana raha. Alikuwa amekwenda kwa mpiga ramli, na tangu siku hiyo hasemi na wifi yake, mtu ambaye wamelima shamba moja kwa miaka mingi.

"Kwani dada, uliambiwa nini?" nilimuuliza.

"Kaka, alinieleza mambo yangu yote. Kwamba nina roho nzuri lakini watu hawanilipi wema. Kwamba kuna jambo nililianza likakwama. Na kwamba karibu yangu yupo mtu anayenichekea usoni, moyoni ananichukia. Sasa yeye kayajuaje, na hanijui?"

Nakiri kwamba nilishtuka. Maneno yale yalinihusu hata mimi! Na wewe unayesikiliza, hebu jiulize kama hayakuhusu.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa. Mwaka 1948 huko Marekani, mwalimu wa saikolojia, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la kupima tabia. Baada ya wiki moja kila mmoja alipewa maelezo yake, ayapime kwa alama kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulizidi alama 4. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, ambayo mengi mwalimu aliyatoa katika kitabu cha nyota!

Kwa nini tunanaswa? Kwanza, maneno yenyewe ni mapana kama shuka la kitanda. Nani hajawahi kuanza jambo likakwama? Pili, kazi ya kuyajaza tunaifanya wenyewe. Mpiga ramli anasema "mtu wa karibu". Jina la wifi analitaja mteja moyoni mwake. Tatu, tunashika lililopata na kusahau lililokosa. Na mwisho, tunaamini tumesomewa sisi peke yetu, hasa tukisifiwa kwanza.

Kwa utabiri wa nyota gazetini, pengine hasara ni kicheko tu. Lakini ramli inayochonganisha huvunja nyumba, na hata kuua. Vikongwe wameuawa katika nchi yetu kwa kushukiwa uchawi, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino.

Nilimwambia jirani yangu, "Dada, wifi yako naye akienda kwa mtu yule, ataambiwa yupo anayemchekea usoni. Naye atakutaja wewe."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama wifi yake bado yuko shambani.

Ndugu msikilizaji, siku nyingine ukiambiwa neno likakuchoma moyo, usiulize kwanza, "Amejuaje?" Uliza, "Neno hili lingemkosa nani?" Ukiona halimkosi mtu, basi halijakuambia kitu.