Walimu wa Kandanda Ughaibuni: Clive Charles na Wasichana wa Portland (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi sheria ya Marekani ya mwaka 1972, iliyoharimisha ubaguzi baina ya wanaume na wanawake katika kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu, ilivyowafungulia wasichana milango ya viwanja vya michezo; na jinsi mashindano ya taifa ya kandanda ya wanawake wa vyuo, yaliyoanza mwaka 1982, yalivyokuwa kwa muda mrefu kama milki ya chuo kimoja tu, North Carolina, kilichotwaa kombe mara 16 katika mashindano 19 ya mwanzo. Leo tunamwendea mtu ambaye, ingawa hakuzaliwa Marekani, alikishika chuo kidogo cha Kikatoliki kilichojengwa juu ya genge la mto Willamette, mjini Portland katika jimbo la Oregon, akakiinua hata kikahesabiwa miongoni mwa wakuu wa mchezo huo.

Clive Charles alizaliwa mashariki ya London mwaka 1951, baba yake akiwa mtu wa asili ya Grenada na mama yake Mwingereza mweupe. Kaka yake, John, ndiye mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya Uingereza katika timu ya taifa ya vijana, naye Clive akamfuata katika klabu ile ile ya West Ham United, akicheza nafasi ya beki. Tarehe 1 Aprili 1972, West Ham ilipokutana na Tottenham Hotspur, yeye, Clyde Best wa Bermuda na Ade Coker mzaliwa wa Lagos walipangwa katika kikosi kimoja, ikawa mara ya kwanza kwa timu ya daraja la kwanza la Uingereza kuteremsha uwanjani watu weusi watatu kwa pamoja. Asomaye habari za zama zile anajua ni matusi ya namna gani yaliyovurumishwa kutoka majukwaani juu ya vijana kama hao, wala si ajabu kwamba mtu aliyeonja kudunishwa kwa sababu ya rangi yake hakuwa na haja ya kufundishwa na sheria kwamba msichana asidunishwe kwa sababu ya maumbile yake. Hiyo ni rai yangu. Yeye mwenyewe alipendelea mzaha kuliko hotuba.

Kutoka London alikwenda Cardiff City, na mwaka 1978 akavuka bahari kujiunga na Portland Timbers. Mwaka 1986 alikabidhiwa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Portland. Mwaka 1989 akaongezewa ya wanawake, na tangu hapo mpaka 2002 akaziongoza zote mbili kwa wakati mmoja. Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Aghlabu chuo huwa na walimu wawili kwa timu mbili, na desturi ya dunia, ambayo sisi pia hatujaepukana nayo, ni kuwapa wanaume mwalimu mwenye sifa, uwanja bora na saa nzuri ya jioni, kisha wanawake wakapewa masalio. Portland mwalimu alikuwa mmoja na uwanja mmoja, wala msichana hakuweza kudhani kwamba yeye amepewa mwalimu wa daraja la pili, kwa sababu aliyemsahihisha leo ndiye huyo huyo aliyemsahihisha kijana wa kiume, na ndiye huyo huyo aliyekuwa msaidizi wa mwalimu wa timu ya taifa ya wanaume ya Marekani katika Kombe la Dunia la 1998, akaiongoza timu yao ya Olimpiki Sydney mwaka 2000 hadi nafasi ya nne.

Yafaa msomaji aelewe kazi hiyo ilivyo. Mwalimu wa chuo cha Marekani hanunui wachezaji wala hauzi. Huwatafuta wangali shule ya sekondari, huketi na wazazi wao, huwashawishi kwa ufadhili wa masomo, kisha huwa nao kwa misimu minne tu kabla hawajahitimu na kwenda zao. Kila mwaka hupoteza robo ya kikosi chake, hata akiwa bingwa.

Chuo chenyewe, kilichoasisiwa mwaka 1901, kina uhusiano na Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile la mapadre lililoingia Uganda mwaka 1958 na kumtoa Vincent McCauley, askofu wa kwanza wa Fort Portal. Hakina timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya bandia, ambao katika vyuo vingi humeza fedha na mashabiki wote. Kwa hiyo majira ya vuli yanapofika, umati wa Portland huelekea kwenye kandanda. Katika uwanja wa Merlo, mvua ya Oregon ikiwanyeshea, wanafunzi wa bweni la wavulana la Villa Maria husimama na ngoma zao wakizipiga kwa ajili ya wasichana, na jambo hilo huko limekuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna anayelistaajabia.

Matunda yalionekana mapema, ila taji lilichelewa. Mwaka 1995 timu zake zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, zilifika katika nne bora za taifa. Wasichana waliingia fainali, wakakutana na Notre Dame, chuo kingine cha shirika lile lile la Msalaba Mtakatifu, wakafungwa 1-0 baada ya muda wa nyongeza kurefushwa mara tatu. Mwaka uliofuata, Olimpiki ilipopokea kandanda ya wanawake kwa mara ya kwanza, Marekani iliishinda China 2-1 katika fainali, na mabao yote mawili yalifungwa na wanafunzi wa Charles: la kwanza Shannon MacMillan, la pili Tiffeny Milbrett.

Mwaka 2000 iligunduliwa kwamba ana saratani ya tezi dume. Hakuacha kazi. Akamleta kutoka Burnaby, Canada, msichana aitwaye Christine Sinclair, ambaye baadaye angefunga mabao 190 ya kimataifa, idadi ambayo hakuna mwanamume wala mwanamke aliyeifikia. Desemba 2002, huko Austin, Texas, Portland ilipambana na Santa Clara, chuo cha Wajesuiti kilichokuwa kikishikilia kombe. Sinclair akafunga bao, kisha katika muda wa nyongeza akafunga la pili, nalo lilikuwa bao la dhahabu, lililomaliza mchezo pale pale. Ikawa 2-1, na kombe la kwanza la taifa katika maisha ya mwalimu wao.

Clive Charles alifariki tarehe 26 Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 51. Timu ya wanawake ilirithiwa na msaidizi wake Garrett Smith, aliyetwaa kombe la pili mwaka 2005 kwa kuifunga UCLA 4-0, Sinclair na Megan Rapinoe wakiwa kikosini.

Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutakwenda kwa hao Santa Clara walioshindwa Austin, ambao mwalimu wao, Jerry Smith, alianza kazi mwaka 1987 na kutwaa makombe ya 2001 na 2020. Msomaji atakayekuwa na swali juu ya ufadhili wa wanamichezo katika vyuo hivyo na amwandikie mhariri mapema, ili tulijibu pamoja.