Mtoa dawa anayejua kusema hapana

Msafiri atokaye Tegeta kuelekea Bagamoyo hupita Boko, Bunju, Mapinga, Kerege na Kiromo. Njiani ataona zahanati moja moja, lakini maduka ya dawa hatayamaliza kuyahesabu. Mtoto akishikwa na homa baada ya Isha, mama hafikirii hospitali kwanza. Hutuma dukani, kwa kuwa duka li karibu, halina foleni, na aliye nyuma ya kaunta humwita kwa jina la mwanawe: "Mama Swalehe, leo kuna nini?" Kwa familia nyingi za pwani yetu huyo ndiye tabibu wa mwanzo, na mara nyingi ndiye wa mwisho pia.

Ndiyo maana suala la mafunzo endelevu ya sheria na maadili kwa wafamasia, mafundi dawa na watoa dawa halipaswi kuachiwa wenye taaluma peke yao. Nani anasimama pale, alijifunza nini, na alijifunza lini? Haya ni maswali ya nyumbani.

Wasomaji wenye umri watakumbuka maduka ya dawa baridi. Hayo yalitokana na sheria ya dawa na sumu ya mwaka 1978, nayo yaliruhusiwa kuuza dawa nyepesi tu zisizohitaji cheti cha daktari. Hali halisi ilikuwa nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibainika kuwa maduka hayo, ambayo nchi nzima yalikuwa zaidi ya 4,000, yaliuza pia dawa yasizoruhusiwa, na wengi wa wauzaji hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Serikali ilikuwa na njia mbili: kuyafunga, na kuwaacha watu wa vijijini bila dawa, au kuyafundisha. Ikachagua kuyafundisha. Mwaka 2003 mkoa wa Ruvuma ukawa wa kwanza kujaribu Maduka ya Dawa Muhimu, ambamo mtoa dawa husomeshwa kwa wiki kadhaa juu ya dawa, sheria, maadili, utunzaji wa kumbukumbu na namna ya kuzungumza na mgonjwa, kisha duka huruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa, zikiwamo baadhi ya antibayotiki. Mpango huo ulienea mikoa mingine, na leo ndio tuuonao Bagamoyo. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 ikaliweka Baraza la Famasi kuwa msimamizi wa taaluma: wafamasia, mafundi dawa na wasaidizi wao hutambuliwa nalo, na ndilo linalowadai waendelee kujifunza.

Lakini mafunzo ya wiki kadhaa yana kikomo, kwa kuwa elimu ya dawa haikai mahali pamoja.

Tuchukue malaria, ugonjwa ambao pwani hii inaujua kuliko inavyopenda. Mtu aliyehitimu mwaka 1998 alifundishwa kuwa dawa ya malaria ni klorokwini, na alifundishwa sahihi. Mwaka 2001 klorokwini ikaondolewa katika nafasi hiyo kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, ikawekwa SP. Mwishoni mwa mwaka 2006 SP nayo ikaachia nafasi dawa mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kuwa kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, si kila homa kuitwa malaria. Katika miaka kumi na miwili, basi, mtu yule yule, mwenye cheti kile kile ukutani, alitakiwa kubadili jibu lake mara tatu. Kuhara kwa watoto nako ni hivyo hivyo: tangu mwaka 2004 ushauri ni maji ya chumvi maalumu ya ORS pamoja na vidonge vya zinki, lakini bado wako wazazi wanaoomba "kidonge cha kukata tumbo", na wako wauzaji wanaowapa.

Sheria nazo hazilali. Mwaka 2019 sheria ya UKIMWI ilirekebishwa, mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe, na umri wa kijana kuridhia kupimwa bila idhini ya mzazi ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Najua baadhi ya wazazi hawakulipenda badiliko hilo, na mjadala wake una mahali pake. Mtoa dawa, hata hivyo, hawezi kuendesha kaunta kwa sheria aitamaniyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, nayo inaziweka habari za afya ya mtu katika zile nyeti zaidi. Aliyemaliza chuo mwaka 2015 hakuisoma, kwa kuwa haikuwapo. Asipoisoma sasa, ataendelea kupiga picha cheti cha mgonjwa kwa simu na kukituma kwenye kundi la WhatsApp la wenzake kuuliza, "Hii imeandikwa nini?" huku jina la mgonjwa na maradhi yake vikionekana wazi. Hana nia mbaya. Hajui tu kwamba hapo amekwisha kutoa siri.

Siri, kwa hakika, ndilo somo la maadili linalohitaji muda mrefu kuliko yote katika miji midogo kama yetu. Daktari wa Muhimbili akikutibu, huenda msikutane tena. Mtoa dawa wa Kaole au Magomeni ya Bagamoyo utasali naye, utakutana naye arusini, na dada yake huenda ni mke wa binamu yako. Anajua nani hununua dawa ya kisukari, nani ana kikohozi kisichopona, binti gani alikuja kununua kipimo cha mimba, mzee gani aliuliza kwa sauti ya chini juu ya nguvu za kiume. Binti akishuku kwamba habari yake itafika barazani kabla hajafika yeye nyumbani, hatarudi dukani hapo, na huenda asiende popote. Masengenyo, tulivyofundishwa tangu madrasa, ni dhambi; katika kazi hii ni pia kosa la kitaaluma linaloweza kumfikisha mtu mbele ya Baraza. Nadhani mtoa dawa akiyasikia yote mawili katika somo moja atayakumbuka vizuri zaidi.

Tuje sasa kwenye jambo gumu zaidi, nalo ni neno "hapana".

Mteja anafika na shilingi elfu moja. Anataka amoksilini, vidonge vinne tu, "nyingine nitachukua kesho." Hana cheti cha daktari. Ana mafua, na mafua husababishwa na virusi, ambavyo amoksilini haiviui. Muuzaji aliyefundishwa anajua haya yote. Anajua pia kwamba bakteria wanaopigwa nusu dozi hujifunza kuizoea dawa, na kwamba mwaka 2019 peke yake inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria walio sugu kwa dawa. Lakini mteja huyo ni jirani. Akinyimwa hapa ataingia duka la pili, hatua hamsini mbele, na huko atapewa. Jioni mwenye duka atauliza kwa nini mauzo yamepungua. Hapo ndipo sheria na maadili huacha kuwa kurasa za kitabu. Mafunzo yanayosoma vifungu tu, bila kumzoesha mtoa dawa namna ya kumkatalia shemeji yake kwa upole na bila kumdhalilisha, yamefanya nusu ya kazi.

Katika historia ya tiba ya Waislamu kimo kisa kinachofaa kusimuliwa katika kila darasa la aina hii. Kimepokewa na Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi wa wasifu wa matabibu aliyefariki mwaka 1270. Katika zama za khalifa al-Mu'tasim, katika karne ya tisa, jemadari wake al-Afshin alikuwa kambini katika vita dhidi ya Babak. Akataka kujua kama wauza dawa waliofuatana na jeshi ni waaminifu. Akashauriwa jaribio lililopata kutumiwa zama za al-Ma'mun: akaandika majina ambayo hayakuwa ya dawa hata kidogo, akawatuma watu kwa wauza dawa wakaombe vitu hivyo. Baadhi walisema hawavijui. Wengine walipokea fedha na kutoa chochote kilichokuwa karibu. Al-Afshin akawapa waliosema "hatujui" vibali vya kubaki kambini, na waliobaki akawafukuza.

Tazama kwamba mtihani ule haukuuliza mtu anajua dawa ngapi. Uliuliza kama anaweza kukiri mpaka wa ujuzi wake fedha ikiwa mezani. Baadaye kazi ya kuwakagua wauza dawa sokoni ikawa miongoni mwa majukumu ya muhtasibu, na vitabu vya hisba vya Misri na Sham viliweka milango maalumu juu ya ulaghai wa watengeneza dawa. Wakaguzi wa leo kutoka Baraza na kutoka TMDA, mamlaka iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019, hawakuleta jambo geni kwetu.

Wenye maduka nao wana sehemu yao, na hapa nitasema bila kuzunguka. Iko desturi ya mtu mwenye cheti cha ufamasia kukikodisha. Jina lake linatundikwa ukutani, yeye yuko mji mwingine, analipwa kila mwezi, na anayetoa dawa ni kijana aliyefundishwa kusoma bei. Wote wawili wanajua kuwa ni uvunjaji wa sheria. Ni pia uongo ulioandikwa kwa herufi kubwa ukutani, mbele ya kila mgonjwa aingiaye. Mwenye duka anayefunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa na kufungua tena chini ya jina lisilokuwapo ana jambo la kujiuliza.

Ramadhani huongeza somo lake. Mgonjwa aliyeandikiwa kutwa mara tatu huja kuuliza kama anaweza kuzibana zote kati ya futari na daku. Dawa nyingine daktari anaweza kuzibadili zikawa za mara moja au mbili kwa siku. Nyingine haziwezi, na mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini yumo hatarini akijipangia mwenyewe. Kazi ya mtoa dawa hapo si kutoa fatwa wala kubadili dozi. Ni kumrudisha mgonjwa kwa aliyemwandikia, mapema, ikiwezekana tangu Shaaban. Sijui ni mafunzo mangapi yanayoligusa jambo hili, ilhali katika wilaya yetu hurudi kila mwaka.

Kwa upande wa familia, yapo mambo mepesi. Uliza jina la anayekuhudumia na utazame kama ndilo lililo kwenye cheti. Usimtume mtoto wa miaka saba kununua dawa. Ukiambiwa "hii haiuzwi bila cheti," usiende duka la pili kumkomoa wa kwanza; huyo wa kwanza amekufanyia wema. Na fedha isipotosha dozi nzima, sema, kwa kuwa hilo ni tatizo linaloweza kusaidiwa. Katika kamati ya msikiti wetu maombi ya michango ya dawa hutufikia karibu kila Ijumaa, na ni rahisi zaidi kuchangia dozi moja kamili leo kuliko kitanda cha hospitali mwezi ujao.

Linabaki suala la gharama. Mtoa dawa wa Kiromo au Mlingotini anayeitwa kwenye mafunzo Kibaha au Dar es Salaam hulipa nauli, hupoteza ujira wa siku, na pengine hulipa ada. Wengi wao ni wanawake wenye watoto wadogo. Mwenye duka hapendi kufunga. Matokeo yake ni kwamba wanaohudhuria ni wale wenye nafasi, si wale wenye haja. Baadhi ya masomo sasa hupatikana kwa simu, na hilo limepunguza mzigo, ijapokuwa bando nalo lina bei yake, na namna ya kusema "hapana" haifundishiki vizuri kwa kioo cha simu.

Nimependekeza kamatini kwamba ukumbi wa madrasa, ambao baada ya Adhuhuri siku ya Jumapili huwa mtupu, utolewe bure mara nne kwa mwaka kwa mafunzo ya watoa dawa wote wa eneo letu, Waislamu na wasio Waislamu, chini ya mfamasia wa wilaya, yakiwa ya namna ambayo Baraza litayatambua. Viti vipo, ubao upo, umeme upo. Akina mama wa darasa la Jumamosi wamekubali kuwaangalia watoto wa watakaohudhuria. Mjumbe mmoja aliuliza kama wenye maduka wataruhusu wafanyakazi wao, na swali lake ni la haki. Wawili kati yao wanasali safu ya mbele, na mwenyekiti ameahidi kuwafuata. Barua ya kwenda wilayani imekwisha kuandikwa, inasubiri muhuri.