Pumu na Molekuli za Mafuta Zinazobana Pumzi

Mwankoko imo katika Manispaa ya Singida, nchi ya uwele, mtama na alizeti. Mvua zikishakatika, ardhi hukauka, upepo huvuma kwa nguvu na vumbi hutanda mashambani na barabarani. Majira hayo ni mazito kwa mtu mwenye pumu. Aweza kuamka mzima asubuhi, na kabla ya jua kutua akawa anahema kwa shida, kifua kikilia kama filimbi. Vumbi lile lile limevutwa na wenzake wote darasani, nao hawakupatwa na zaidi ya chafya. Je, ni kitu gani ndani ya mwili wake kinacholigeuza vumbi kuwa hatari ya maisha? Jibu la swali hili lilitafutwa kwa zaidi ya miaka 40, na hadi leo lina uzito katika kuamua mgonjwa atibiwe vipi.

Njia ya hewa

Hewa tunayoivuta hupita kooni, kisha huingia katika mirija ya mapafu inayogawanyika na kugawanyika tena kama matawi ya mti. Kuta za mirija hiyo zina misuli, na kwa ndani zimefunikwa na utando unaotoa ute. Pumu inapomshika mtu, mambo matatu hutokea: misuli hukaza, utando huvimba, na ute mzito huongezeka. Hali hiyo ya utando kuvimba na kushambuliwa na chembe nyeupe za damu huitwa mchochota.

Mwanafunzi wa fizikia ataelewa upesi hatari iliyopo. Hewa inapopita kwa utulivu katika mrija mwembamba, ukinzani wake hutegemea nusukipenyo cha mrija kwa kipeo cha nne. Nusukipenyo kikipungua kikawa nusu ya kilivyokuwa, ukinzani huongezeka mara 16. Ndiyo maana uvimbe mdogo tu waweza kumwangusha mtu mwenye nguvu.

Kitu kisichojulikana

Mwaka 1938, Wilhelm Feldberg na Charles Kellaway, waliokuwa wakifanya kazi Melbourne, Australia, walipitisha sumu ya nyoka aina ya fira katika mapafu ya simbilisi. Majimaji yaliyotoka humo yalikuwa na kitu kilichokaza misuli polepole na kwa muda mrefu. Hakikuwa histamini, kwa maana histamini hukaza misuli upesi na kuiachia upesi. Baadaye W. E. Brocklehurst wa Uingereza alionyesha kwamba mapafu ya wagonjwa wa pumu nayo hutoa kitu cha namna hiyo yanapokutana na kile kinachowadhuru, na kwamba dawa za kuzuia histamini hazikizuii. Hapo ilieleweka kwa nini dawa hizo hazikuwafaa sana wenye pumu. Hata hivyo, umbo la kitu chenyewe halikujulikana, kwani kilipatikana kwa kiasi kidogo mno.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Bengt Samuelsson na wenzake katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, Sweden. Mwaka 1979 walitangaza kwamba kitu hicho ni jamii ya molekuli za mafuta, wakaziita lukotrini. Sehemu ya kwanza ya jina hilo yatokana na chembe nyeupe za damu. Ya pili yaeleza bondi maradufu tatu zilizopangana kwa kupokezana na bondi moja moja. Katika mirija ya mapafu ya binadamu, baadhi ya lukotrini zina nguvu ya kukaza kama mara 1,000 kuliko histamini. Mwaka 1982 Samuelsson alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na John Vane, kwa kazi zao juu ya prostaglandini na molekuli za jamii yake.

Ghala na ufunguo

Lukotrini hazikai tayari mwilini zikingoja. Mali ghafi yake ni asidi ya arakidoni, mafuta yenye atomi 20 za kaboni na bondi maradufu nne, ambayo imehifadhiwa katika utando wa kila chembe kama nafaka katika kihenge. Vumbi, chavua au virusi vya mafua vinapochokoza chembe fulani za mapafu, kimeng'enya kimoja huifungua asidi hiyo kutoka katika utando. Kutoka hapo njia ni mbili: vimeng'enya vya njia ya kwanza huigeuza kuwa prostaglandini, na vya njia ya pili kuwa lukotrini.

Mwaka 1971 Vane alionyesha kwamba aspirini huziba njia ya kwanza. Miongoni mwa prostaglandini imo inayozuia lukotrini zisitengenezwe kupita kiasi. Kwa baadhi ya wagonjwa wa pumu, breki hiyo ikiondolewa, lukotrini hufurika. Wagonjwa hao wakimeza aspirini au dawa za jamii yake, kama ibuprofeni, hushikwa na pumu kali.

Msomaji wa Singida ataweza kuuliza juu ya alizeti. Mafuta yake yana asidi ya linoleiki kwa wingi, nayo mwili waweza kuigeuza kuwa asidi ya arakidoni. Je, mwenye pumu ayaache? Sivyo. Mwili hugeuza sehemu ndogo tu, na kula zaidi asidi ya linoleiki hakuongezi sana asidi ya arakidoni katika damu. Tatizo la mgonjwa si wingi wa nafaka ghalani, bali ni ufunguo unaofungua mlango pasipo sababu ya haki.

Maana yake kwa mgonjwa

Kutokana na maarifa haya, dawa ya kuvuta ya salbutamoli inaeleweka vizuri zaidi. Dawa hiyo hulegeza misuli na kuokoa maisha, lakini haiuzimi mchochota. Mgonjwa anayeitegemea peke yake hupata nafuu leo huku utando ukiendelea kuvimba. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena itumike peke yake. Msingi wa tiba ni dawa ya kuvuta ya jamii ya steroidi, inayotuliza mchochota. Montelukasti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huzuia lukotrini zisishike misuli. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa, ila mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo kali kwamba yaweza kuvuruga hali ya akili. Yafaa itumiwe kwa ushauri wa daktari.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani kwa chupa mbili zilizojaa maji na kutobolewa chini, moja ikitiwa mrija mpana na nyingine mrija mwembamba wenye urefu ule ule. Wanafunzi wapime muda wa kila chupa kumaliza maji. Watakapoona tofauti, watatambua kwamba mwenzao aketiye kando wakati wa mchezo hafanyi uvivu, wala ugonjwa wake hauambukizi. Aachwe aketi wima, apewe dawa yake, na asipopata nafuu apelekwe hospitali bila kukawia.