Uzazi wa Mpango, Sehemu ya Nne: Kitanzi cha Chuma na Fungu la Mwanaume

Tangu Januari 1, 2026 kondomu, vidonge na vifaa vingine vya kuzuia mimba vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 13 nchini China. Vilikuwa vimesamehewa kodi hiyo tangu mwaka 1993, enzi ambayo serikali iligawa kinga bure ili watu wazae wachache. Sasa inataka wazae zaidi. Idadi ya watu ilianza kupungua mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu njaa kuu ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2023 walizaliwa watoto milioni 9.02 tu katika nchi yenye watu bilioni 1.4. Zaidi ya milioni moja kati yao walizaliwa hapa Guangdong, mkoa ulioongoza nchi nzima kwa uzazi.

Tangu habari ya kodi hiyo itoke, maswali kutoka mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli hapa Guangzhou hayajakatika. Dada zetu wanaonunua mzigo wa Kariakoo na Gikomba, pamoja na wanafunzi walioko vyuoni, wanauliza jambo moja: tubaki na kondomu au tubadili njia? Nitajibu. Lakini katika mji huu hakuna njia inayochagulika vizuri bila kujua ilikotoka, kwa sababu China ilizijaribu karibu zote, kwa wema na kwa ukatili, kwenye miili ya mamilioni ya watu. Historia hii nimeifuatilia tangu nikiwa mwanafunzi wa famasia, na naamini kila anayemeza kidonge au kuwekewa kijiti ana haki ya kuijua.

Tuanze na kitanzi. Kitanzi cha shaba chenye umbo la T, tulichokieleza katika sehemu ya pili, sicho walichowekewa akina mama wa Kichina kwa miongo mingi. Chao kilikuwa pete ya chuma cha pua, duara tupu lisilo na shaba wala uzi. Uzi ule mwembamba una kazi kubwa. Ndio unaomjulisha mama kwamba kitanzi bado kipo, na ndio anaoushika mhudumu kukitoa kwa dakika chache mama akitaka. Pete ya China haikuwa nao. Kuitoa kulihitaji chombo, mtaalamu na ruhusa, na mahali pengi mama aliitwa kupimwa mara kadhaa kwa mwaka kuhakikisha kuwa bado anayo. Pamoja na ulinzi wote huo, wanawake kama 10 kati ya 100 walipata mimba ndani ya mwaka mmoja, ilhali kwa kitanzi cha shaba hafiki hata mmoja. Watafiti wa Kichina wenyewe ndio waliopiga hesabu hizo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 pete ikaachwa, shaba ikashika nafasi yake. Mimba ngapi zilitolewa katika miaka hiyo, za wanawake waliotii kila walichoambiwa! Sera ya mtoto mmoja ilipofutwa mwaka 2016, serikali iliahidi kuwatoa vitanzi bure wanawake wapatao milioni 18 ambao sasa walikuwa wanaruhusiwa kuzaa tena. Miongoni mwa bibi wanaofanya mazoezi asubuhi katika bustani ya Yuexiu, bila shaka wamo waliobeba chuma hicho ujana wao wote.

Mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa 1983. Waziri wa uzazi wa mpango, Qian Xinzhong, aliamuru kila mama mwenye mtoto mmoja awekewe kitanzi, na kila wanandoa wenye watoto wawili au zaidi, mmoja wao afungwe kizazi. Mwaka ule walifungwa kizazi watu zaidi ya milioni 20, na karibu wanne katika kila watano walikuwa wanawake. Mwaka uleule Umoja wa Mataifa ulitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya idadi ya watu, na ukampa Qian pamoja na Indira Gandhi wa India. Nimesoma habari ya tuzo ile mara nyingi, na bado naona ni aibu ambayo taasisi zetu za kimataifa hazijaisafisha.

Anayedhani hayo ni ya kale aulize habari za Puning, mashariki mwa mkoa huuhuu. Aprili 2010 maofisa wa huko walijiwekea lengo la kuwafunga kizazi watu 9,559 katika siku 20. Kwa mujibu wa shirika la Amnesty International, ndugu 1,377 wa watu waliokwepa, wakiwamo wazee, walizuiliwa ili jamaa zao wajisalimishe.

Ukatili huo haukuwa hata na sababu ya hesabu. Mwaka 1970 mwanamke wa China alizaa kwa wastani watoto wapatao sita. Kufikia 1979 walikuwa chini ya watatu. Hapo sera ya mtoto mmoja ilikuwa bado haijatangazwa. Kampeni ya miaka ya 1970 nayo ilikuwa na mashinikizo yake, nisiisafishe, lakini ilizungumzia kuchelewa kuoa, kupishanisha watoto na kuzaa wachache, huku vidonge vikifika hadi vijijini, vingine vikitengenezwa kama vipande vya karatasi laini vya kuchanwa na kumezwa. Kenya nayo ilishuka kutoka watoto wanane kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022, bila kumfungia mtu mzee wake.

Sasa nifike ninapopapenda zaidi, yaani fungu la mwanaume. China ndiyo nchi iliyomfikiria mwanaume kwa dhati kuliko nyingine yoyote, na watu wetu hawalijui hilo. Katika baadhi ya vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba, ndoa zilikaa miaka bila mtoto. Watafiti walifuata nyayo wakaikuta kemikali iitwayo gosipoli, na katika miaka ya 1970 wakaigeuza kidonge cha wanaume. Kilijaribiwa kwa wanaume zaidi ya 8,000, na mbegu zao zilipungua kweli. Lakini kwa wengine potasiamu ilishuka mwilini mpaka misuli ikapooza, na wapo ambao uwezo wa kuzalisha haukurudi tena. Katikati ya miaka ya 1980 utafiti ukasitishwa. (Ndugu zangu wa Simiyu na Shinyanga msishtuke: mafuta ya pamba yaliyosafishwa kiwandani hayana tatizo hilo.) Ilikuwa sawa kuiacha dawa ile. Kinachonikera ni kwamba dunia ilichukulia kuanguka kwake kama ruhusa ya kumrudishia mwanamke mzigo wote, na hadi leo hakuna kidonge cha mwanaume dukani.

Bahati nzuri mwaka 1974, huko Chongqing, daktari Li Shunqiang alibuni jambo ambalo halikuanguka. Kabla yake, kumfunga mwanaume mirija ya mbegu kulitaka kisu, mshono na siku za maumivu. Li alibuni koleo mbili: moja yenye pete ndogo ya kuushika mrija juu ya ngozi, nyingine yenye ncha kali ya kutoboa na kupanua tundu dogo. Mrija unavutwa nje, unakatwa na kufungwa, kisha unarudishwa. Tundu linajifunga lenyewe bila mshono. Damu ni kidogo, uambukizo ni nadra, na mtu anatembea kwenda nyumbani. Mwaka 1985 madaktari wa nje walimfuata China wakajifunza, na leo njia yake inafundishwa dunia nzima. Watafiti wameandika jinsi wanaume wa Kigoma walivyoipokea, na mwaka 2016 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Siku ya Vasektomi Duniani. Pamoja na hayo, katika nchi zetu bado ni wachache mno wanaoifanya, kwa hofu kwamba mwanaume atapoteza nguvu. Hapotezi chochote. Homoni zinatoka kwenye korodani kwenda kwenye damu, hazipiti katika mrija uliokatwa. Shahawa zinabaki karibu kiasi kilekile, ila hazina mbegu. Sharti moja tu: njia nyingine itumike kwa miezi mitatu, kisha shahawa zipimwe.

Kwa wanaonitajia dini, nawakumbusha kuwa Imamu Ghazali alijadili kumwaga nje zaidi ya miaka mia tisa iliyopita akaruhusu, na wanazuoni wengi waliweka sharti la ridhaa ya mke. Kufunga kizazi moja kwa moja ni suala jingine, na wanazuoni wengi wanalikataa pasipo dharura. Hilo mtu amuulize sheikh wake. Lakini ridhaa ya mwenye mwili, ambayo Puning waliikanyaga, wanazuoni wetu waliijua zamani.

China vilevile imo mikononi mwa dada zetu, hasa. Kiwanda cha Dahua cha Shanghai hutengeneza vijiti viwili vya kupandikizwa chini ya ngozi ya mkono, vyenye homoni ya levonojestreli. Kenya vilijulikana kwa jina la Zarin, na Shirika la Afya Duniani liliviidhinisha mwaka 2017 kwa jina la Levoplant. Vilikuja na bei ya chini wakati Jadelle, vijiti vya Wazungu, ilikuwa ghali, kabla bei yake nayo haijapunguzwa kwa zaidi ya nusu mwaka 2013.

Basi, tuchague nini? Kwa anayetaka kupumzika miaka kadhaa na kusahau, kijiti au kitanzi cha shaba havina mpinzani: mimba haifiki hata moja kwa wanawake 100 kwa mwaka. Kijiti huvuruga hedhi, damu huweza kutoka bila mpangilio au kukoma, na hilo lenyewe si ugonjwa. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hukaa miaka 10 au zaidi, ila huongeza damu na maumivu ya hedhi, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu afikiri mara mbili. Sindano ya miezi mitatu, inayopendwa sana nyumbani, si desturi ya hospitali za hapa, na anayetaka mtoto karibuni aiepuke kwa kuwa uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi kwa miezi, wakati mwingine hata mwaka. Vidonge vya majira vinafaa kwa mwenye ratiba. Katika maisha ya kawaida, yenye siku za kusahau, wanawake kama saba kati ya 100 hupata mimba. Vile vyenye homoni mbili havimfai mwenye shinikizo la damu, mvutaji sigara aliyepita miaka 35, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu asitegemee vidonge wala kijiti.

Kondomu hushindwa kwa kama 13 kati ya 100, nyingi kwa sababu ya kutotumiwa kila mara. Lakini ndiyo pekee inayokinga pia VVU na kaswende, na kwa wanandoa wanaokaa mbalimbali miezi mingi sioni cha kuizidi. Kodi isimtie mtu uvivu. China iliwahi kuwatengenezea wanandoa wa namna hiyo vidonge maalumu vya kumezwa siku za kutembeleana tu. Dozi yake ni nzito, na ukivikuta dukani usivichukue. P2, ambayo hapa huuzwa kwa majina ya Kichina kama Yuting, ni ya dharura: imezwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 72, wala isigeuzwe njia ya kila wiki.

Anayewekewa kijiti au kitanzi hapa Guangzhou adai karatasi yenye jina la kifaa kwa herufi za Kichina na za Kilatini, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kutolewa. Levoplant ni miaka mitatu, Jadelle mitano, na mhudumu wa Mwananyamala au Mombasa hawezi kujua mwanamke ana kipi kwa kupapasa mkono tu. Mume naye aende kliniki pamoja naye, asikie maelezo yaleyale na aulize kuhusu njia ya Li Shunqiang. Juma lijalo tutaangalia kitanzi cha homoni na wanawake waliokaribia ukomo wa hedhi.